Tamasha Lisilo na Mji: Uchambuzi wa Kisa cha Earagail, Kaunti ya Donegal

Mgeni anayefika Letterkenny katikati ya Julai akauliza Tamasha la Sanaa la Earagail linafanyika wapi, hataonyeshwa uwanja mmoja wala hema moja. Atapewa ratiba. Humo atakuta majina ya miji midogo, vijiji na sehemu za pwani zilizotapakaa katika kaunti nzima ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland, kaunti yenye kilomita za mraba 4,861 na watu wapatao 167,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Onyesho la leo laweza kuwa tamthilia katika ukumbi wa mjini, na la kesho likawa muziki kijijini, mwendo wa saa nzima kwa gari, au sarakasi ya mtaani mahali ambapo mvua ikishuka watazamaji hawana pa kujificha.

Tamasha hili lilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Limechukua jina la mlima Earagail, ambao wenyeji wanaozungumza Kiingereza huuandika Errigal, mlima wenye kimo cha mita 751 na mrefu kuliko yote katika kaunti hiyo. Jina hilo lina maana katika kisa chetu. Matamasha mawili mashuhuri ya sanaa nchini humo, la Kilkenny lililoanza mwaka 1974 na la Galway lililoanza mwaka 1978, yamebeba majina ya miji yao, na katika miji hiyo mtu hutoka kwenye maonyesho ya picha akaenda kwenye tamthilia kwa miguu, akapitia mkahawani njiani. Tamasha lililojipa jina la mlima limejifunga tangu mwanzo kwa nchi pana ambayo haina kitovu kimoja.

Swali ninalotaka kulichambua ni hili: je, kutawanyika kwa tamasha katika kaunti nzima ni mzigo unaovumiliwa ili kila eneo liridhike kwamba limepata chake, au ndiyo roho ya kazi yenyewe? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Naamini ndiyo roho ya kazi, na naamini pia kwamba gharama ya kutawanyika, yaani mabasi, mafuta, jenereta, malazi na siku zinazopotea njiani, inastahili kuhesabiwa kuwa gharama ya sanaa sawasawa na malipo ya msanii. Anayeiita gharama ya pembeni hajaielewa Donegal.

Kaunti iliyokatwa njia

Ili kuona kwa nini nasema hivyo, lazima tuitazame ramani. Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, Donegal ilibaki upande wa kusini kisiasa ingawa kijiografia ndiyo iliyo kaskazini kuliko zote. Rasi ya Malin, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa kikuu, iko ndani yake. Mpaka wake wa nchi kavu karibu wote umepakana na Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na kipande kifupi tu kusini, kuelekea kaunti ya Leitrim, ndicho kinachoiunganisha na sehemu nyingine za Jamhuri ya Ireland. Mji wa Derry, ambao kwa vizazi ulikuwa soko na bandari ya watu wa mashariki ya Donegal, ulijikuta katika dola nyingine. Wenyeji wana kauli ya kuiita kaunti yao kaunti iliyosahauliwa, na kauli hiyo hawaitoi kwa mzaha.

Kisha reli ikaondoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli nyembamba zilipita katika mabonde na kandokando ya ghuba za kaunti hiyo, zikiwafikisha watu mpaka miji ya mbali kama Burtonport, Glenties na Killybegs. Usiku wa tarehe 30 Januari 1925, kwenye daraja refu la Owencarrow, upepo ulilisukuma treni likatoka relini na watu wanne wakafa. Nakitaja kisa hicho kwa sababu kinaonyesha upepo wa nchi hiyo ulivyo: mtu anayepanga kusimamisha jukwaa la wazi katika mabonde yale anashindana na nguvu iliyowahi kuangusha mabehewa. Hata hivyo reli haikuuawa na upepo. Iliuawa na hesabu za biashara na magari ya barabarani. Reli nyembamba za mwisho zilifungwa kwa abiria mwishoni mwa mwaka 1959, njia kubwa ya Derry iliyopita ukingo wa mashariki wa kaunti ikafungwa mwaka 1965, na tangu hapo Donegal haina treni. Kampuni kongwe ya mabasi ya Lough Swilly, iliyokuwa imeanza kama kampuni ya reli, nayo ilifunga shughuli zake mwaka 2014.

Matokeo yake kwa tamasha ni ya moja kwa moja. Onyesho likiisha usiku kijijini, mwenye gari anarudi nyumbani, na asiye na gari hakuja tangu mwanzo. Wasiokuja ni kijana wa miaka 15, mama mzee aliyeacha kuendesha gari usiku, na mfanyakazi mhamiaji wa kiwanda cha samaki. Idadi ya tiketi zilizouzwa haiwezi kutuonyesha watu hawa, kwa kuwa hesabu ya tiketi huwahesabu waliofika. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaopima mafanikio ya tamasha la vijijini kwa ukumbi uliojaa. Ukumbi wa Letterkenny, mji wenye zaidi ya watu 22,000, unaweza kujaa kila usiku kwa majuma mawili huku watu wa Glencolmcille, waliofungiwa na milima upande wa kusini-magharibi, wakiwa hawajaguswa hata kidogo.

Kwa nini Julai

Zamani Julai haukuwa mwezi wa sherehe katika nchi hiyo. Ulikuwa mwezi wa njaa. Viazi vya mwaka uliopita vilikuwa vimekwisha ghalani, vipya havijakomaa ardhini, na familia maskini ziliishi kwa mboga za majani hata mwezi wenyewe ukapewa jina la Julai ya kabichi. Faraja ilianza mwanzoni mwa Agosti, kwa sikukuu ya mavuno ya Lughnasa, watu walipopanda vilimani kuchuma matunda ya porini na kucheza. Brian Friel, mwandishi wa tamthilia aliyeishi miaka mingi Donegal na kuzikwa Glenties mwaka 2015, aliitumia sikukuu hiyo hiyo katika tamthilia yake ya mwaka 1990 inayohusu dada watano wa kijiji cha kubuni cha Ballybeg.

Leo Julai umegeuka kuwa mwezi wa watu. Wazao wa waliohamia Glasgow, ambako vijana wa Donegal kwa vizazi walikwenda kuvuna viazi na kufanya kazi za vibarua, hurudi kwa likizo. Kutoka Ireland Kaskazini huja maelfu, wengi wao Wakatoliki wa Derry na Belfast wanaopenda kuwa mbali na nyumbani katika juma la tarehe 12 Julai, siku ya maandamano makubwa ya Chama cha Orange, chama cha Waprotestanti wanaotaka kubaki na Uingereza. Wakati huohuo, Waprotestanti wa Donegal hufanya maandamano yao wenyewe kwenye ufuo wa Rossnowlagh siku chache kabla ya hapo. Kwa hiyo tamasha linakaa katikati ya kalenda yenye uchungu wa kihistoria, na watazamaji walioketi kiti kwa kiti wamekuja kwa sababu zinazopishana sana. Kuna pia neema ya latitudo: jua la Julai huzama karibu saa nne usiku, na mwanga hubaki angani muda mrefu baadaye, hivyo mtu anaweza kumaliza kazi ya shamba, akaoga, akaenda kusikiliza muziki wa nje akarudi kabla giza halijatanda.

Sanaa iliyotembea kabla ya tamasha

Wapo wanaoona wazo la kuipeleka sanaa vijijini kama uvumbuzi wa maofisa wa utamaduni. Katika Donegal wazo hilo limetangulia ofisi zote. Waairishi wa kaskazini wana neno airneál, maana yake kwenda usiku nyumbani kwa jirani kwa ajili ya hadithi, muziki na mazungumzo mbele ya moto. Hapakuwa na jukwaa wala kiingilio. Kulikuwa na nyumba zilizojulikana kuwa ndiko watu wanakokwenda, na mwenye nyumba alihesabiwa heshima yake kwa wageni aliowapokea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa John Doherty, mpiga fidla aliyezaliwa karibu mwaka 1900 katika ukoo wa mafundi bati waliokuwa wakisafiri, akafariki mwaka 1980. Doherty alikwenda nyumba kwa nyumba akiuza na kutengeneza vyombo vya bati, na usiku alipiga fidla katika nyumba iliyomkaribisha. Inasimuliwa kwamba mara nyingi hakubeba fidla yake mwenyewe, kwa kuwa alijua katika karibu kila kijiji atakachofika kuna moja imetundikwa ukutani ikimsubiri. Mafundi wa ukoo huo walitengeneza hata fidla za bati, zenye sauti kali na nyembamba, kwa wasioweza kununua za mbao. Tafakari maana yake kwa mwandaaji wa tamasha: msanii aliingia kijijini mikono mitupu, na kijiji ndicho kilichokuwa na chombo. Kijiji hakikuwa kikipokea msaada wa sanaa kutoka mjini. Kilikuwa mwenyeji, chenye mali yake.

Desturi hiyo ilipata pigo kutoka kwa serikali yenyewe. Sheria ya Kumbi za Dansi ya mwaka 1935 iliamuru dansi za hadhara zifanyike mahali penye leseni, na ingawa wanasheria waliweza kubishana kama inagusa nyumba za watu, mapadri na polisi wengi waliitumia kuzima dansi za majumbani na za njia panda. Dansi ikahamia kwenye kumbi, kumbi zikajengwa penye watu wengi, na vijiji vya mbali vikabaki na ukimya usiku. Nyongeza ya hapo ni uhamiaji, uliowaondoa vijana ambao ndio wangezijaza nyumba hizo. Ninapoona ratiba ya Earagail imeweka onyesho katika kijiji chenye baa moja na kanisa moja, naiona kama fidia iliyochelewa kwa kile kilichovunjwa mwaka 1935, na fidia hulipwa palepale hasara ilipotokea.

Hata hivyo mji nao una hoja yake, na ni hoja nzito. Letterkenny imepata ukumbi wa tamthilia wa An Grianán mwaka 1999 na Kituo cha Utamaduni cha Mkoa mwaka 2007. Majengo hayo yana taa, mafundi na vyumba vya kubadilishia nguo. Kikundi cha tamthilia chenye seti nzito hakiwezi kuchezea katika ukumbi wa parokia ambao dari yake ni fupi na umeme wake hukatika jiko la chai likiwashwa. Tena tamasha la mjini limewahi kuzaa matunda makubwa: kikundi cha muziki cha Clannad, ndugu na wajomba zao kutoka Gaoth Dobhair, eneo la wazungumzaji wa Kiairishi magharibi mwa kaunti, kilipata mlango wake wa kwanza wa kurekodi kwa kushinda katika tamasha la muziki wa asili la Letterkenny mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini nani aliwalea wanamuziki hao? Walilelewa katika baa ya baba yao kijijini, mbele ya majirani, katika lugha ya majirani. Mji uliwafungulia mlango baada ya kijiji kuwakuza, na tamasha la kaunti likiacha kulisha mizizi ya kijijini halitakuwa na wa kumfungulia mlango baada ya miaka 20.

Lugha ukumbini

Sehemu kubwa ya magharibi ya Donegal ni Gaeltacht, eneo ambalo Kiairishi kinatambuliwa kisheria kama lugha ya jamii. Mashariki, katika bonde la Laggan, wapo wenye asili ya Uskoti wanaozungumza Kiskoti cha Ulster. Kiingereza kimezagaa kote. Tamasha hutangaza ratiba yake kwa Kiairishi na Kiingereza, na hilo ni jema, ila tangazo ni sehemu rahisi. Mtihani uko ukumbini. Wazungumzaji wa Kiairishi, kama wazungumzaji wa lugha nyingi zilizobanwa na lugha kubwa, wana adabu ya kugeukia Kiingereza mara tu anapoingia mtu mmoja asiyejua lugha yao. Mshereheshaji akipanda jukwaani Gaoth Dobhair akasalimu kwa maneno mawili ya Kiairishi kisha akaendelea kwa Kiingereza usiku mzima, ukumbi wote humfuata, na watoto waliopo hujifunza kwamba lugha ya nyumbani ni ya salamu tu. Nayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa kuwa najua salamu za namna hiyo zinavyosikika masikioni mwa wenye lugha. Katika kisa hiki ningeshauri kila onyesho linalowekwa ndani ya Gaeltacht liongozwe kwa Kiairishi kwanza, hata kama mwanamuziki ametoka mbali, na mgeni ndiye afasiriwe. Gaoth Dobhair imekuwa na kikundi chake cha waigizaji wa Kiairishi tangu miaka ya 1930. Ujuzi wa kuendesha jioni nzima kwa lugha hiyo haujakosekana.

Fedha na vitanda

Fedha za matamasha kama hili hutoka kwenye vyungu kadhaa: Baraza la Sanaa la taifa lililoundwa mwaka 1951, halmashauri ya kaunti, mamlaka ya maendeleo ya Gaeltacht, mamlaka ya utalii, wafadhili wa biashara na tiketi. Kila chungu kina masharti yake. Mamlaka ya utalii hutaka wageni na usiku wanaolala. Baraza la Sanaa hutaka ubora na malipo ya haki kwa wasanii. Mamlaka ya Gaeltacht hutaka lugha. Mwandaaji anayeandika maombi manne kwa onyesho moja huweza kujikuta amepanga onyesho linalomridhisha kila mtoa fedha huku mwenyeji wa kijiji akiwa hakuulizwa.

Vitanda ni tatizo la pili. Katika majira hayohayo vijana kutoka nchi nzima hukaa majuma matatu matatu katika nyumba za familia za Gaeltacht kujifunza Kiairishi, hivyo nyumba zilizozoea kupokea wageni zimejaa tayari. Tangu njia ya watalii ya Wild Atlantic Way, ya kilomita 2,500 kutoka Donegal hadi Cork, ilipozinduliwa mwaka 2014, vyumba vya pwani hugombaniwa. Aidha maelfu ya nyumba za kaunti hiyo zimepasuka kuta kwa sababu ya matofali ya saruji yenye kasoro, na familia nyingi zinatafuta pa kupanga. Kikundi cha wasanii kumi hakilali popote kwa urahisi. Na msanii anayeishi humo humo Donegal, anayeweza kulala kwake, mara nyingi hana kipato cha kudumu cha kumwezesha kusubiri Julai. Majaribio ya serikali yaliyoanza mwaka 2022, ya kuwalipa wasanii 2,000 kiasi cha yuro 325 kwa juma, yaligusa tatizo hili kwa njia ambayo ruzuku ya tamasha haiwezi kuligusa.

Toraigh

Nimeacha kisiwa cha Toraigh mpaka hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kipimo kigumu kuliko vyote. Kiko zaidi ya kilomita 10 baharini kutoka pwani ya kaskazini, kina wakazi wasiozidi mia moja na hamsini hivi, na hufikiwa kwa boti kutoka gati la Machaire Rabhartaigh, bahari ikikubali. Katika miaka ya 1970, baada ya dhoruba iliyokifungia kisiwa kwa majuma mengi, palikuwa na msukumo wa kuwahamisha watu wake, na baadhi ya familia zilihamia bara. Wengine walikataa kuondoka.

Mchoraji Mwingereza Derek Hill alianza kwenda Toraigh kuchora mwaka 1956. Siku moja alipokuwa akichora, mvuvi wa kisiwani aitwaye James Dixon, aliyekuwa tayari mtu mzima wa makamo ya uzee, aliitazama kazi yake akasema yeye angeweza kuchora vizuri zaidi. Hill alimpa rangi na karatasi. Brashi Dixon alizikataa. Alitengeneza zake kwa singa za mkia wa punda wake. Picha zake ni za meli, dhoruba, ndege wa baharini na kisiwa kinachoonekana kana kwamba kimetazamwa kutoka juu, chenye mawimbi yaliyovutwa kwa mistari mikavu ambayo brashi ya dukani isingeitoa. Wavuvi wengine walifuata, na mwaka 1966 kazi za wachoraji wa Toraigh zilionyeshwa Belfast. Baadaye mmoja wao, Patsy Dan Rodgers, alikuwa kwa miaka mingi Mfalme wa Toraigh, cheo cha kimila, na alikuwa akiteremka gatini kuwapokea abiria wa boti mmoja mmoja, mara nyingi akiwa na kodiani yake, hadi alipofariki mwaka 2018.

Hill aliipa serikali nyumba yake ya Glebe, kando ya ziwa Gartan, pamoja na mkusanyo wake wa sanaa mwaka 1981, na humo kazi za wavuvi wa Toraigh zimehifadhiwa pamoja na kazi za Picasso. Ni heshima wanayoistahili. Lakini fuata njia ya mtu wa Toraigh anayetaka kuziona: boti asubuhi, gari kutoka gatini mpaka Gartan kwa kuzunguka milima, kisha arudi mbio kabla boti ya mwisho haijaondoka, na upepo ukibadilika alale bara kwa gharama yake. Kwa hesabu ya kichwa kwa kichwa, kupeleka onyesho Toraigh ni ghali kuliko onyesho lolote la Letterkenny. Msimamizi wa hesabu akilifuta atakuwa na karatasi upande wake.

Pendekezo langu kwa kisa hiki ni la kiutendaji. Bajeti ya usafiri ya tamasha itengwe mapema, kabla wasanii hawajachaguliwa, na igawanywe mafungu mawili: la kupeleka maonyesho pembezoni, na la kuwaleta watu wa pembezoni kwenye kumbi kwa basi linalorudi usiku. Kwa visiwa kuwe na siku ya akiba kila mara, ili bahari ikichafuka onyesho lisogezwe badala ya kufutwa, na msanii alipwe kwa siku ya kusubiri gatini sawa na siku ya kucheza. Tena kila kijiji kinachopokea onyesho kiulizwe mwanzoni kina nini cha kutoa, kama zilivyoulizwa nyumba alizoingia Doherty.

Kisiwani Toraigh kuna jumba dogo la maonyesho lenye jina la Dixon, mwendo mfupi kwa miguu kutoka gatini. Milango yake ni midogo, kwa hiyo kinachopelekwa huko lazima kitoshe kubebwa mikononi kutoka kwenye boti.